Risasi ya Pili

Mtoto wa marehemu kaka yangu alirudi kutoka Afrika Kusini mwaka 2019, baada ya kufanya kazi huko kwa miaka 11. Alirudi na mke, watoto wawili, na jambo moja ambalo hatukulitazamia katika ukoo wetu, nalo ni mapenzi ya kulenga shabaha. Huko alikokuwa alijiunga na klabu, na kila Jumamosi alikuwa akilala kifudifudi juu ya turubai, akipiga karatasi iliyosimamishwa mita 300 mbele yake. Miaka mitatu baada ya kurudi, Jumapili moja mchana, alinijia hapa Moshono akiwa na bahasha kubwa ya kaki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hiyo bahasha ni ya mambo ya shamba tena?"

Niliuliza hivyo kwa sababu Moshono ya siku hizi, tangu mji ulipotufikia, mtu akija na bahasha kubwa huwa ni habari ya mipaka. Kumbe zilikuwa picha za bunduki. Alikuwa amezichuja kutoka nane hadi mbili, zote za aina ile inayojikoki yenyewe, zenye mitutu minene na darubini juu. Alitaka bunduki moja ifanye kazi mbili: alengee shabaha, na akipata leseni ya uwindaji aende nayo porini. Aliniomba nimsaidie kuchagua kati ya zile mbili, kisha nimsindikize kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye nilimfundisha hesabu, ili maombi yake ya kumiliki silaha yaanze na barua nzuri. Kwa maneno mengine, alitaka ushauri wangu na jina langu. Ushauri humpa kila anayeuomba, maana mwalimu mstaafu hana bidhaa nyingine. Jina ni jambo jingine.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu mkuu mstaafu kuombwa ushauri wa bunduki. Sababu ni kwamba nimemiliki moja tangu mwaka 1979. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na mwaka uliofuata msimamizi mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao Ulaya aliniuzia Brno yake, iliyotengenezwa Chekoslovakia, ya risasi za .30-06. Makaratasi yote yalipita polisi. Ni bunduki ya komeo. Ukishapiga, unainua mkono wa komeo, unalivuta nyuma, ganda linaruka, unalisukuma mbele, unalikalisha chini, ndipo unakuwa tayari kupiga tena.

Nyumbani haikupokewa kwa shangwe. Sisi Waarusha, kama ndugu zetu Wamaasai, hatukulelewa kuiona nyama ya porini kuwa chakula cha heshima. Pofu na nyati wazee waliwavumilia kwa kuwa wanafanana na ng'ombe. Wengine wote walikuwa chakula cha mtu asiye na mifugo. Mama yangu hakuruhusu nyama hiyo iguse vyungu vyake hata siku moja. Sufuria yangu ya nyama ilikaa nje, chini ya migomba, kama mbwa.

Lakini bunduki ya kwanza niliyoishika haikuwa ya komeo. Nilimaliza Chuo cha Ualimu Marangu mwaka 1971, na mwaka uliofuata nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Mafinga, kama sheria ilivyotaka kwa wasomi wa wakati ule. Huko tulifundishwa kwa SKS za Kichina. Mbunifu wake ni Mrusi, Sergei Simonov, aliyeikamilisha mwaka 1945, na Wachina wakaitengeneza kwa wingi hadi ikatufikia sisi. Hiyo ndiyo bunduki inayojikoki. Sehemu ya gesi ya baruti inayoisukuma risasi hupenya kwenye tundu dogo la mtutu, ikasukuma pistoni, pistoni ikarudisha komeo nyuma, ganda likaruka, kisha springi ikalirudisha komeo mbele likiwa limebeba risasi mpya. Ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja tu, wala si mfululizo. Ila kati ya risasi moja na nyingine mkono wako hauna kazi.

SKS hubeba risasi 10. Afande wetu alitupa moja moja. Tulisimama kwenye foleni asubuhi, na anayeijua baridi ya Mafinga atajua vidole vilikuwaje, tukapokea risasi moja kiganjani kama mgonjwa anavyopokea kidonge. Kuruta mmoja aliuliza kwa nini tusijaze zote kumi tukamaliza mapema tukanywe uji. Afande hakumjibu. Alimrudisha mwisho wa foleni.

Nilimweleza kijana haya yote, naye akanisikiliza kwa adabu, ila niliona anadhani naizungumzia bunduki ya makumbusho. Akanitolea ushahidi wake, na sina budi kusema ulikuwa mzuri. Wamarekani walianza kuitumia bunduki ya John Garand jeshini mwaka 1936, yenye kujikoki na kubeba risasi 8, na raia wa kawaida wameshindana nayo kwenye viwanja vya Camp Perry, jimbo la Ohio. Warusi waliipokea ya Dragunov mwaka 1963, na huyo Dragunov alikuwa ameshabuni bunduki za michezo ya shabaha kabla ya kubuni ya askari. Kwa hiyo usahihi na kujikoki si maadui. Zamani ilikuwa kweli kwamba vyuma vinavyokwenda mbele na nyuma wakati wa kupiga huisumbua bunduki, na komeo lililofungwa kwa mkono hukaa imara zaidi. Tofauti hiyo bado ipo, lakini imekuwa ndogo. Mtutu mnene usioguswa na kitako, kifyatulio laini, risasi zilizopimwa vizuri, na zile mbili alizochagua zingeweza kuweka risasi tano ndani ya dakika moja ya pembe.

"Dakika moja ya pembe ni nini?" nikamwuliza. Nilikuwa najua. Ni ugonjwa wa ualimu.

Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha yake. Duara lina nyuzi 360, kila nyuzi ina dakika 60, jumla dakika 21,600. Ukisimama katikati ya duara ambalo ukingo wake uko mita 100 kutoka kwako, mzunguko wake ni kama mita 628. Gawanya. Unapata sentimita 2.9. Risasi tano, mita 100, ndani ya duara la sentimita 2.9! Niliitazama ile namba kwa heshima. Kwa macho yangu ya sasa, yenye mtoto wa jicho upande wa kulia, mita 100 sioni hata mbuzi.

Kisha nikamwambia kwamba kwa mwindaji namba hiyo haina kazi kubwa. Moyo na mapafu ya nyumbu ni shabaha pana kuliko sahani ya kulia ugali. Bunduki yoyote nzima huigonga sahani hiyo mita 100. Anayeikosa ni mtu. Amepanda kichuguu, anahema, jasho limemwingia jichoni, na yule mnyama amegeuza kichwa. Mskoti Bell, aliyewinda Karamoja kule Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya komeo ya risasi nyembamba ambazo wenzake walidhani ni za swala. Simsifu kwa idadi hiyo, maana inatisha. Lakini alijua risasi yake inakwenda wapi ndani ya mnyama, na alisubiri.

Zile kazi mbili pia hugombana ndani ya bunduki moja. Ya shabaha hutakiwa iwe nzito, kilo tano au sita, ili itulie. Ya porini utaibeba kutwa nzima, na saa nane mchana kila robo kilo unaijua kwa jina. Ya shabaha huwa na kifyatulio cha kuguswa tu. Ukiwa kwenye miiba, mikono imekufa ganzi, na mwenzako anatembea mbele yako, kifyatulio cha kuguswa tu ni balaa. Kijana aliyakubali haya. Alisema angechukua nyepesi kidogo.

Hapo nikamwuliza juu ya sheria, na nikaona kwamba hakuwa ameisoma, jambo linalonisikitisha kwa mtu mwenye shahada. Hapa Tanzania bunduki za kujikoki haziruhusiwi katika uwindaji. Tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake, na hata wageni wanaolipa maelfu ya dola kuja kuwinda huambiwa waziache kwao. Juu yake kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kumiliki ni mlango mmoja na kuwinda ni mlango mwingine, na kupita wa kwanza hakukupi ufunguo wa pili. Yeye mwenyewe akakumbuka kwamba hata Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2000, mwindaji wa mara moja moja hapewi bunduki ya kujikoki. Ni lazima uwe mwanachama hai wa chama kinachotambuliwa, na yeye aliipata kupitia klabu.

"Basi, baba mdogo, iwe ya shabaha tu."

"Utalengea wapi?"

Akanyamaza. Tulikuwa tumekaa barazani. Nilipokuwa mtoto, kutoka hapo ungeona mashamba ya mahindi na kahawa mpaka macho yachoke, na usiku tuliwasikia fisi. Sasa kuna mapaa ya bati kila upande, mekundu na ya buluu. Risasi ya .308 iliyokosa shabaha yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Chora duara la namna hiyo kutoka barazani kwangu, kisha anza kuhesabu shule na makanisa. Alisema angetafuta uwanja unaokubalika, kwa kibali, na namwamini, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu. Lakini bado sikuwa nimemwambia sababu yangu hasa. Yote niliyokuwa nimesema mpaka hapo yalikuwa ya kweli, na yote yalikuwa ya kuzungukazunguka.

Mke wangu alileta chai, akatutazama, akarudi ndani. Nikamwambia kijana jambo ambalo sikuwahi kumwambia baba yake.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya bweni, ukingoni mwa tambarare ya Simanjiro. Ulikuwa wakati wa shida. Mvua zilikuwa zimekosekana, watoto walikula ugali wa unga wa yanga na maharage yenye wadudu, na mara nyingine bila maharage. Mwezi wa Novemba tulitaka kuwaaga darasa la saba. Nikakata leseni ya nyumbu wawili kwa jina langu na kwa bunduki yangu. Tulipata lori la kuazima. Alikuja na sisi askari mgambo kijana, mwenye SKS, kwa ajili ya usalama tu, maana simba hawakukosekana. Nilichukua wavulana sita wa kubeba nyama, nikawaacha kwenye lori pamoja na dereva, nikawaambia wasiondoke.

Mvua za kwanza zilikuwa zimegusa ile tambarare, na nyumbu walikuwa wameanza kutoka upande wa Tarangire kama kawaida yao. Tulitambaa kwa karibu saa nzima. Nilimpiga dume mmoja kama hatua 120, akaenda mbio kidogo akaanguka. Kundi likazunguka, vumbi likapanda, hawakujua hatari iko wapi. Nilikuwa sijavuta hata komeo. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha, na nilikuwa nawaza sufuria za jikoni. Yule mgambo, aliyelala kando yangu, akaninong'oneza, "Nipige, Mwalimu?"

Nikasema, "Piga."

Nimelirudia neno hilo kichwani kwa miaka mingi. Lilinitoka kwa wepesi uleule wa kumruhusu mtoto kwenda chooni. Alipiga mfululizo wa haraka, moja, moja, moja, na kila nilipofikiri amemaliza akaongeza nyingine. Mmoja alianguka papo hapo. Wawili wakakimbia wakichechemea. Halafu kundi likaondoka, vumbi likaanza kutua, na kutoka ndani ya vumbi hilo, upande uleule ambao risasi zilikuwa zimekwenda, wakatokea wavulana wangu wawili wamebeba dumu la maji.

Walikuwa wamezunguka mwinuko watuletee maji. Walikuwa wanacheka. Mmoja wao, mtoto wa miaka 14 hivi, alisema, "Mwalimu, huku kuna nyuki wakubwa! Wamepita hapa vuuu!"

Mgambo aliitazama ardhi. Mimi nilichukua dumu nikanywa maji.

Baadaye niliokota maganda. Yalikuwa saba. Yule aliyeanguka papo hapo alikuwa na risasi moja. Kati ya wale wawili waliochechemea tulimpata mmoja magharibi, akiwa na mbili. Mwingine hatukumpata, na giza lilipoingia tuliacha kumtafuta. Hata nikimpa huyo risasi mbili, zinabaki mbili. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyopata kufundisha, na jibu lake halibadiliki.

Leseni ilikuwa ya nyumbu wawili na tulipakia watatu. Katika kitabu cha kumbukumbu za shule niliandika kwamba nyumbu wawili wamepatikana na wanafunzi wote wamerudi salama. Watoto walikula wakashiba. Waliimba mpaka usiku. Wale wawili waliimba pia, na mpaka nilipohamishwa shule hawakujua kilichopita karibu na vichwa vyao.

Kijana alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini bila kuogopa, "Baba mdogo, aliyesema piga ni wewe. Bunduki haikusema."

Nikamwambia ni kweli. Sikuwa na jibu la kumshinda, wala sikulitafuta. Bunduki ile ilifanya kazi yake sawasawa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, mtu mzima, mwenye leseni, niliyemruhusu mtu asiye na leseni kupiga kwa silaha isiyokuwa kwenye leseni. Nilichoweza kumwambia ni hiki tu: kama yule mgambo angekuwa na komeo la kuvuta kwa mkono, kati ya risasi ya kwanza na ya pili zingepita sekunde tatu, pengine nne. Kuvuta komeo kungemlazimu atoe jicho kwenye shabaha na kutazama. Au ningepata nafasi ya kulirudisha neno langu. Vumbi lilihitaji sekunde chache tu kama hizo kutuonyesha wale watoto. Sisemi kwamba ningezitumia vizuri. Nasema sikuwa nazo.

Akaniuliza kama namfananisha na mgambo yule. Nikamwambia hapana. Yeye ni mtulivu kuliko mimi, na nimeona karatasi zake za shabaha, matundu yamekaa pamoja kama mbegu ndani ya papai. Akipata mzee mwingine wa kumtetea kwa bunduki ya kujikoki, ya shabaha tupu, kwenye uwanja wenye ukuta wa udongo nyuma yake, sitakwenda kumpinga kwa mtu yeyote. Ila jina langu sitaliweka. Kwa ya komeo nitamsindikiza kesho.

Aliondoka bila kumaliza chai, na nilidhani nimempoteza. Wiki mbili baadaye alirudi, safari hii bila bahasha. Alikuwa amefikiria bei pia, sitaki kumfanya malaika. Akaniuliza kama ningekubali Brno ihamie kwake. Alisema angeiwekea darubini, na akaahidi kutoukata mtutu wala kukipaka rangi kitako.

Silaha hairithishwi kwa kupokezana mkononi kama fimbo ya mzee. Tulikwenda kwa mwenyekiti, akatukalisha, akaniita Mwalimu mbele ya watu wote na kunikumbusha kwamba nilimchapa mwaka 1991 kwa sababu ya sehemu. Alisoma maombi mstari kwa mstari, nami nikafurahi kuona hivyo. Barua ikatoka. Kisha polisi, fomu, picha, alama za vidole, na subira. Wakati maombi yanaendelea niliona ni vizuri bunduki ikae mikononi mwa polisi kuliko kwangu, kwa kuwa mimi sina tena macho na yeye hana bado leseni. Askari aliihesabu pamoja na risasi zake: zilikuwa 11. Aliandika namba ya mtutu, akaisoma kwa sauti, nikagundua naijua kwa moyo.

Kijana bado ananitania kwamba naogopa mashine. Inawezekana. Kabati la chuma lililokuwa limejaza kona ya chumba chetu tangu mwaka 1979 halijakaa tupu hata wiki moja. Mke wangu ameshaweka mashuka.